Hati Inahama, Shehena Inabaki: Jinsi Maktaba za Programu Zinavyoazimana Safu za Namba

Picha za setilaiti za Sentinel-2 hugawiwa watumiaji kwa vigae, na kigae kimoja, katika mikanda yake ambayo kila nukta huwakilisha mita 10 ardhini, kina mistari 10,980 ya kulala na mingine 10,980 ya kusimama; mkanda ni picha ya sehemu moja tu ya mwanga, kama nyekundu au kijani. Kila nukta ni namba nzima ya biti 16, yaani baiti mbili, kwa hiyo mkanda mmoja peke yake unameza baiti 241,120,800 za kumbukumbu. Mikanda ya mita 10 ni minne; ukiifungua yote kwa pamoja unakaribia gigabaiti moja kabla hujafanya hesabu yoyote. Kompyuta ninayofanyia kazi yangu ya kufuatilia mikoko ya pwani ina gigabaiti nane, na kabla sijaanza, kivinjari huwa kimekwisha kujichotea sehemu yake.

Kazi yenyewe hupita katika maktaba tatu za programu. Ya kwanza hufungua faili; ya pili, NumPy, hufanya hesabu za kawaida; ya tatu, PyTorch, huendesha modeli inayotenganisha mikoko na maji na matope. Maktaba hizi ziliandikwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti na kwa malengo tofauti, na hakuna iliyojengwa ikiwa na habari za ndani za mwenzake. Kila moja ikidai nakala yake ya picha, gigabaiti moja inakuwa tatu, kompyuta inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kazi ya dakika mbili inakuwa ya kuondoka mezani ukarudi baadaye.

Ninachotaka kueleza ni namna maktaba za aina hii zilivyofikia makubaliano ya kutazama namba zilezile, mahali palepale zilipo, bila kuzinakili. Kuna jambo moja katika makubaliano hayo ambalo nilichelewa sana kulielewa: kueleza namba zilivyopangwa ni sehemu nyepesi ya mkataba, na sehemu nzito ni kukubaliana nani ana haki ya kuziondoa, na lini.

Nalitumia neno safu kwa kundi la namba za aina moja zilizopangwa kwa vipimo, kimoja au zaidi. Mwenye neno bora na alitumie.

Mfanyabiashara anayemuuzia mwenzake magunia ya karafuu yaliyomo ghalani hana haja ya kuyabeba magunia hayo kutoka ghala moja hadi jingine ili biashara ikamilike. Humkabidhi hati inayosema magunia yako ghala gani, ni mangapi, yamepangwaje na ni ya daraja gani. Maktaba za programu nazo hufanya hivyohivyo. Zinachopeana ni muundo mdogo wa data wenye baiti chache, na ndani yake mna anwani ya mahali namba zinapoanzia katika kumbukumbu, idadi ya vipimo, umbo la safu, aina ya namba, na kitu kimoja ambacho mgeni wa fani hii huwa hakitarajii, nacho ni hatua.

Hatua inaeleza unaruka umbali gani katika kumbukumbu ili ufike kwenye nukta inayofuata katika kila kipimo. Katika mkanda wangu, kusogea nukta moja kuelekea kulia ni baiti 2, na kushuka mstari mmoja ni baiti 21,960, kwa sababu mstari mzima una nukta 10,980 za baiti mbili mbili. Uzuri wa mpango huu unaonekana pale unapotaka sehemu tu ya picha. Nikihitaji mraba wa nukta 512 kwa 512 unaoanzia mstari wa 3,000 na safuwima ya 4,000, hakuna namba hata moja inayohamishwa: anwani inasogezwa mbele baiti 65,888,000, umbo linaandikwa upya kuwa 512 na 512, na hatua zinabaki zilezile, 21,960 na 2. Kuigeuza picha ili mistari iwe safuwima ni kubadilishana hatua mbili tu. Kuipindua juu chini ni kuanza na mstari wa mwisho na kuandika hatua ya −21,960. Hata hatua ya sifuri ina maana: ni namba ileile kusomwa tena na tena kana kwamba ni nyingi. Hesabu zote hizo zinafanyika kwenye hati, na magunia hayaguswi.

Basi ingeonekana kwamba kazi ya kuunda kiwango kimoja ni nyepesi: tuandike hati hiyo, tuitie saini sote, yaishe. Haikuwa hivyo, na sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Katika lugha ya Python, maktaba ya kwanza ya safu iliyopata watu wengi ilikuwa Numeric, iliyoandikwa na Jim Hugunin mwaka 1995. Baadaye Space Telescope Science Institute, taasisi inayohudumia darubini ya anga ya Hubble, ikatoa Numarray, ambayo ilifaa zaidi kwa safu kubwa, ilhali Numeric ilikuwa na kasi zaidi kwa safu ndogo. Matokeo yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa moja haikuweza kupokea data ya nyingine bila usumbufu, na jamii ndogo ya watafiti ikagawanyika. Travis Oliphant ndiye aliyeziunganisha kambi hizo mbili, na NumPy 1.0 ikatoka mwaka 2006.

Mwaka huohuo yeye na Carl Banks waliandika pendekezo linalojulikana kwa namba yake, PEP 3118, lililoingiza katika Python yenyewe itifaki ya kuazimana kumbukumbu. Itifaki hiyo ilianza kutumika katika Python 3.0 mwaka 2008, na ikarudishwa nyuma katika toleo 2.6. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ilitambua kwamba mazungumzo ya kumbukumbu hayapaswi kuwa mali ya maktaba moja. Ukichukua safu ya baiti inayoweza kukua, ukamwazima mwingine kumbukumbu yake, kisha ukajaribu kuirefusha, Python itakukatalia kwa kosa linalosema kuna walioazimwa ambao bado hawajarudisha. Kukatalia huko ndiko kiini cha itifaki nzima. Ghala haliwezi kuvunjwa na kujengwa upya wakati mtu yumo ndani akihesabu magunia.

Lakini itifaki hiyo ilikuwa na ukarimu uliopita kiasi. Ili kueleza aina ya namba, ilitumia maandishi ya herufi zinazopaswa kuchambuliwa, na ilitaka maandishi hayo yaweze kueleza hata miundo ndani ya miundo, kiasi kwamba moduli ya Python inayosoma herufi hizo haijapata hadi leo nyongeza zote zilizopendekezwa. Ikaweka pia nafasi ya safu ambazo kila mstari unaishi mahali pake, zikiunganishwa na vielekezi, yaani anwani za mahali kila mstari ulipo, kama baadhi ya maktaba za picha za zamani zilivyofanya. Maktaba nyingi hazijawahi kuigusa nafasi hiyo. Anayeandika kiwango hutamani kumridhisha kila aliyehudhuria kikao. Anayekitekeleza miaka kumi baadaye ndiye anayelipa gharama ya ukarimu huo. Zaidi ya yote, PEP 3118 ilidhani kumbukumbu zote ziko mahali ambapo prosesa kuu inaweza kuzisoma, na dhana hiyo ilikufa mara kadi za michoro (GPU), zenye kumbukumbu zao wenyewe, zilipoanza kufanya kazi ya kujifunza kwa mashine.

Hapo ndipo inapoingia DLPack, iliyoanzishwa mwaka 2017 na wajenzi wa mifumo ya kujifunza kwa mashine wa kundi la DMLC. Ukiifungua faili yake kuu, ambayo ni moja tu ya lugha ya C, unashangaa ilivyo fupi. Muundo wa msingi una sehemu saba: anwani ya data, kifaa ambamo data imo, idadi ya vipimo, aina ya namba, umbo, hatua, na umbali wa kuanzia. Kifaa kinatajwa kwa namba: 1 ni prosesa kuu, 2 ni kadi za michoro za NVIDIA zinazotumia mfumo wa CUDA, 10 ni za AMD zinazotumia ROCm. Aina ya namba haielezwi kwa maandishi bali kwa tarakimu chache: 0 ni namba nzima zenye alama, 1 ni zisizo na alama, 2 ni za desimali, na pembeni yake inaandikwa idadi ya biti. Hakuna cha kuchambua. Mtu anayejua C kiasi anaweza kuitekeleza kwa siku moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukubalika kwake kuliko hoja yoyote ya kitaalamu.

Hata hivyo ufupi haukuondoa mabishano. Chukua jambo dogo kama kipimo cha hatua. NumPy huhesabu hatua kwa baiti, kama nilivyofanya hapo juu. PyTorch huhesabu kwa nukta, kwa hiyo hatua zangu huko ni 10,980 na 1. Na DLPack ilichagua nukta. Ni sawa na wachuuzi wawili wa mchele, mmoja akipima kwa kibaba na mwenzake kwa pishi: kila mmoja ni mwaminifu, na bado mteja anayesahau kuuliza atapokea robo au mara nne ya alichotaka. Uchaguzi wa nukta una gharama yake pia, kwa sababu NumPy inaruhusu safu ambazo hatua zake hazigawanyiki sawasawa kwa ukubwa wa nukta, na safu za namna hiyo haziwezi kabisa kuandikwa katika hati ya DLPack. Aliyeandika kiwango alijua, akaziacha nje. Nakubaliana naye.

Mfano ninaoupenda zaidi wa tofauti kati ya karatasi na soko ni kanuni ya baiti 256. DLPack iliandika kwamba anwani ya data lazima iangukie kwenye kizidisho cha 256, kwa faida ya kadi za michoro, na ikiwa safu inaanzia katikati basi ile sehemu ya umbali wa kuanzia ndiyo ielezwe. Maktaba kubwa, PyTorch ikiwemo, zikaipuuza: ziliweka anwani ya kweli ya nukta ya kwanza na umbali wa sifuri. Leo faili hiyohiyo ya C ina maelezo yanayokiri kwamba kanuni haifuatwi na kuwaonya wasomaji wasiitegemee. Wapo watakaoona maelezo hayo ni aibu. Mimi naona ni uungwana, kwa sababu kiwango kinachosema ukweli kuhusu ukiukwaji wake kinamwokoa anayekuja nyuma.

Sasa nirudi kwenye sehemu nzito. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kipande kidogo cha C++ cha kuondoa mawingu katika picha, nikakiunganisha na Python kwa njia ya mkato: nilichukua anwani ya safu ya NumPy kama namba tupu, nikaipeleka upande wa pili, na upande wa pili ukarudisha safu mpya inayotazama kumbukumbu ileile. Ilifanya kazi. Ilifanya kazi majuma mawili, nikaisahau. Kisha mwenzangu wa kazi akaniletea ramani yenye mikoko katikati ya bahari, mistari minene ya kijani iliyonyooka kama imepigwa rula, akauliza, "Kaka, hii mikoko umeiotesha wewe?" Nikaendesha programu tena mbele yake, ramani ikatoka safi. Nikaendesha mara ya tatu, mistari ikarudi.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza na kigumu kukiona. Safu ya awali ilikuwa ya muda tu, matokeo ya hesabu ya katikati ambayo hakuna aliyeishikilia kwa jina, kwa hiyo Python iliihesabu kuwa haina mwenyewe, ikairudisha kumbukumbu yake kwenye dimbwi, yaani akiba ya kumbukumbu inayogawiwa tena kwa hesabu nyingine. Safu yangu mpya iliendelea kutazama palepale. Siku ambazo hakuna mwingine aliyepachukua, namba za zamani zilikuwa bado zimelala hapo na kila kitu kilionekana sawa. Siku ambazo hesabu nyingine ilipangiwa mahali hapo, nilisoma namba za mtu mwingine nikiziita mikoko. Hati yangu ilikuwa sahihi kwa kila kipimo, umbo, hatua na aina, isipokuwa ghala lilikuwa limeshapangishwa.

Wanaoanza hujibu kwamba aliyepokea ndiye aifute kumbukumbu akimaliza. Haiwezekani, na ukielewa kwa nini haiwezekani umeelewa zaidi ya nusu ya jambo hili. Kumbukumbu inaweza kuwa imeombwa kwa malloc ya lugha ya C, au kwa new ya C++, au kwa njia ya CUDA ndani ya kadi, au imetolewa kwenye dimbwi la maktaba yenyewe, au haikuombwa kabisa bali ni faili ya diski iliyoonyeshwa kana kwamba ni kumbukumbu. Kila njia ya kuomba ina njia yake ya kurudisha, na ukirudisha kwa njia isiyo yake programu inaanguka papo hapo, au vibaya zaidi, inaanguka saa moja baadaye mahali pengine kabisa. Katika Windows hata malloc mbili zinaweza kutokana na akiba mbili zisizojuana. Kwa hiyo mpokeaji anajua amemaliza lini lakini hajui namna ya kufuta. Mtoaji anajua namna ya kufuta lakini hajui mwenzake atamaliza lini.

Suluhisho ni mtoaji kufunga pamoja na hati fankisheni ya kufuta, yaani kipande cha programu kinachojua namna ya kurudisha kumbukumbu hiyo, na mpokeaji kuahidi kuiita mara moja tu, akimaliza. Hajui ndani yake mna nini na hana haja ya kujua. Katika DLPack muundo wa nje una safu, kielekezi cha mambo binafsi ya mtoaji, na fankisheni hiyo. Upande wa Python hati husafiri ndani ya kifuko chenye jina "dltensor", na mpokeaji akishaichukua analibadilisha jina kuwa "used_dltensor". Ni muhuri wa "imeshatumika", basi. Kifuko kikifa kikiwa bado na jina la kwanza, kinajua hakuna aliyepokea na kinaita fankisheni ya kufuta chenyewe. Kikifa kikiwa na muhuri, kinanyamaza, kwa kuwa jukumu limehama. Ufundi mwepesi kama huo ndio ungeniokoa na mikoko yangu ya baharini.

Nilipokwenda kusoma namna NumPy ilivyoandika fankisheni yake ya kufuta, nilikuta mambo mawili ambayo nisingeyafikiria. La kwanza, fankisheni hiyo inaweza kuitwa na uzi wowote wa utekelezaji, hata ule usioshika kufuli kuu la Python, lile linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kugusa vitu vya Python, kwa hiyo kabla ya kupunguza hesabu ya wamiliki lazima iombe kufuli. La pili, inaweza kuitwa wakati Python yenyewe imeshazimwa, pale programu inapofunga na vitu vya C++ vilivyobaki vinasafishwa. Katika hali hiyo NumPy huangalia kwanza kama Python bado iko hai, na ikiwa imekufa, inaiacha kumbukumbu ivuje kwa makusudi. Kuvuja ni dhambi katika fani yetu, lakini nyumba inayobomolewa dakika hiyo haihitaji kufagiliwa.

Kadi za michoro zinaongeza utata mwingine. Amri unayoipa kadi haitekelezwi mara moja. Inaingia katika foleni, na programu yako inaendelea na mengine. Maana yake ni kwamba mtoaji anaweza kukabidhi hati ya safu ambayo namba zake bado hazijaandikwa. Mpokeaji akizisoma kupitia foleni nyingine, anasoma takataka. Muungano wa viwango vya data vya Python, uliotangazwa mwaka 2020 na ulioichagua DLPack kuwa njia yake ya kupeana safu, uliamua kwamba mpokeaji ndiye anayetaja foleni yake wakati wa kuomba hati, na mtoaji ndiye anayehakikisha namba zitakuwa tayari kwa foleni hiyo. Kwa CUDA, 1 ni foleni ya kawaida ya zamani, 2 ni foleni ya kawaida ya kila uzi, na −1 ni kusema usinisubirie, najua ninachofanya. Sifuri imepigwa marufuku. Ingeweza kumaanisha kutotaja chochote, au foleni ya 1, au ya 2, na waandishi wa kiwango waliona ni afadhali kumkatalia mtu kuliko kumkisia. Nimekaa katika vikao vingi vya kazi ambamo sifuri ya namna hiyo iliachwa ipite kwa sababu kila mmoja alidhani maana yake inajulikana.

Kuhusu aina za namba sina mengi, ila malalamiko moja. Sentinel-2 hutoa namba nzima za biti 16 zisizo na alama, na kwa miaka mingi PyTorch haikuwa na aina hiyo kabisa. Matoleo ya karibuni yameitambua lakini kwa shughuli chache. Hati inaweza kuandikwa bila kasoro, na mpokeaji akasema bidhaa ya daraja hili siipokei. Hapo hakuna kiwango kitakachokusaidia: unanakili kwenda biti 32 na mkanda wako unakuwa na baiti zaidi ya milioni 482. Vilevile PyTorch haikubali hatua hasi, kwa hiyo picha iliyopinduliwa kwa ujanja ule wa −21,960 lazima inakiliwe kabla ya kuvuka.

Kilichonigusa zaidi ni safu za kusomwa tu. Mimi hufungua faili za picha kwa kuzionyesha kama kumbukumbu, bila ruhusa ya kuandika, ili nisije nikaiharibu picha ya asili kwa bahati mbaya. DLPack ya mwanzo haikuwa na mahali pa kusema "soma, usiandike". NumPy ilipoanza kutoa hati za DLPack ilikataa kutoa safu za namna hiyo, na ujumbe wake wa kosa ulisema wazi kwamba kiwango hakina njia ya kutangaza katazo hilo. Nilikasirika siku hiyo. Leo naona walikuwa na haki: kumkabidhi mtu shehena ya amana bila kumwambia kuwa ni amana ni kumtegea mtego.

Kurekebisha upungufu huo kukafichua upungufu mkubwa zaidi. Muundo wa mwanzo haukubeba namba ya toleo lake, kwa hiyo mpokeaji hakuwa na namna ya kujua kama hati aliyopewa ina sehemu mpya au haina. Kuongeza biti moja ya "soma tu" kukalazimisha kuundwa kwa muundo mpya kabisa, wenye jina jipya la kifuko, "dltensor_versioned", na njia ya mpokeaji kutaja toleo la juu analolielewa. NumPy ilianza kuukubali katika toleo 2.1 la mwaka 2024. Katika muundo huo mpya kuna uamuzi ambao naurudia kwa kila kijana anayeniuliza kuhusu kazi hii. Namba ya toleo inakaa mwanzoni kabisa, kisha mambo binafsi ya mtoaji, kisha fankisheni ya kufuta, na maelezo ya safu yenyewe yanakuja mwisho. Imepangwa hivyo ili mpokeaji akikutana na toleo kubwa asilolielewa, ambalo hawezi kusoma hata umbo la safu, bado awe na uwezo wa kufanya jambo moja kwa usalama: kuirudisha shehena kwa mwenyewe.

Apache Arrow, iliyotangazwa kuwa mradi kamili wa Apache mwaka 2016, ilipata jibu la jirani kwa ajili ya majedwali. Mwaka 2020 ilitoa mkataba wake wa lugha ya C, wenye miundo miwili tu, mmoja wa maelezo na mwingine wa data, kila mmoja na fankisheni yake ya kuachilia. Wenyewe waliuandika kwa nia kwamba mtu ainakili ile mistari michache ndani ya mradi wake bila kubeba maktaba nzima ya Arrow. Tofauti yake na DLPack ni kwamba majedwali yana mambo ambayo safu hazina: maneno ya urefu tofauti, orodha ndani ya orodha, na thamani zinazokosekana, ambazo Arrow huziweka katika ramani ya biti pembeni ya data. Wapo wanaotamani viwango hivi viwili viwe kimoja. Mimi sitamani, kwa sababu kila jambo ambalo jedwali linalihitaji lingekuwa swali jipya ambalo kadi ya michoro inapaswa kulijibu, na tungerudi kwenye ukarimu wa mwaka 2006.

Siku hizi mikanda yangu inatoka kwenye faili hadi kwenye modeli kwa kupeana hati, isipokuwa pale aina ya biti 16 inaponilazimisha. Lakini mahali pamoja nimeamua mwenyewe kunakili. Modeli inapokosea, huwa nahifadhi ule mraba wa 512 kwa 512 ili niutazame baadaye, na kwa muda sikuelewa kwa nini kumbukumbu ilikuwa ikijaa wakati mraba mmoja ni baiti 524,288 tu. Mraba ulikuwa ukitazama ndani ya mkanda, mkanda haukuweza kufutwa kwa kuwa bado una mtazamaji, na miraba ishirini kutoka vigae ishirini ilikuwa imeshikilia mikanda ishirini, karibu gigabaiti tano, kila mmoja kwa ajili ya kona yake ndogo. Nikaongeza neno moja kwenye mstari ule, copy, na mikanda ikaenda zake.